Pua ya Bibi Ahniwake

Kabla ya homa ya ile Februari, Bibi Ahniwake Tehee alikuwa akiutambua kwa pua mti wa mhikori wenye kokwa tamu. Alichuma jani moja, akalifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada, akanusa mara moja tu, kisha akasema, "Huu," au akasema, "Twende." Sikuwahi kumwona akinusa mara mbili.

Milima yetu ina mihikori ya namna nyingi. Upo wa matambara, ambao hata mtoto anaujua, maana gome lake limebanduka likaning'inia vipande virefu kama nguo za masikini. Upo mgumu, gome lake limeshika shina barabara, na kumbi la kokwa yake ni nene kama soli ya kiatu. Huo ndio mtamu kuliko yote. Jani lake ukilifikicha linatoa harufu nzito inayokaa kwenye vidole hadi jioni. Halafu upo mchungu. Mchungu husimama katikati ya mitamu kana kwamba umealikwa. Kokwa zake zina ganda jembamba, zinapasuka kwa urahisi, na ndani zimejaa. Lakini kokwa hizo za kujaza kofia moja zinatosha kuharibu kinu kizima.

Kwa wanaume jambo hili halina uzito. Wao mhikori wanautaka kwa mipini ya shoka, fimbo za kuchezea mpira, utando wa ndani ya gome kwa kusukia viti, na kuni za kukaushia nyama. Mtamu au mchungu, mpini ni mpini. Wanawake ndio wanaoutaka kwa ajili ya kanuchi, na kanuchi haisamehe. Unapasua kokwa, unapepeta maganda makubwa, unatwanga kilichobaki hadi mafuta yatoke na unga ushikane, unaufinyanga madonge ya ukubwa wa ngumi. Siku ya kula unaliyeyusha donge katika maji ya moto, unachuja kwa kitambaa, na lile tui unalimwaga juu ya mahindi yaliyochemshwa na majivu. Kwenye mkutano wa kanisa wa mwezi wa kumi, sufuria ya kanuchi ilikuwa ya Bibi Ahniwake tangu kabla mimi sijazaliwa. Hakuna aliyempa kazi hiyo na hakuna aliyejaribu kumnyang'anya.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito kutoka kwetu. Alikuwa dada wa mama wa mama yangu, na kwetu sisi Wacherokee huyo ni bibi tu, hakuna neno jingine. Mama alipofariki niliacha shule nikiwa darasa la nne, nikabaki na Baba, na mara nyingi nikivuka kijito nilikuwa nimekwenda kukaa naye tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mimi pia. Aliniita Tsisdu, yaani sungura, kwa sababu, alisema, mimi ni masikio matupu.

Mumewe alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita. Wanawe wawili wa kiume hawakurudi kutoka vitani. Alibaki binti yake Lidia, aliyefanya kazi ya kushona mjini Tulsa, mwenye gari lake mwenyewe na viatu vya kisigino. Kila alipokuja alisema neno lile lile.

"Mama, twende. Chumba kipo."

"Chumba ninacho hapa."

"Hapa una chumba na upweke."

"Upweke ninaujua. Huo wa kwako huko sijui unafananaje."

Februari homa ilimlaza wiki tatu. Alipona, akakonda, akarudi kwenye kuni zake. Ilikuwa Aprili nilipogundua. Nilimtengenezea kahawa na kwa haraka zangu nikachota kwenye kopo la chumvi badala ya la sukari. Vijiko viwili. Nilijua nilipokunywa yangu. Nikainua macho kumwambia asinywe, nikamkuta ameshafika nusu ya kikombe, anatazama nje mlangoni.

"Bibi, kahawa ikoje?"

"Nzuri."

 Nilikimimina kikombe changu nje. Yeye akageuka, akaniona, akakitazama kikombe chake, akaweka ncha ya ulimi kwenye kahawa kama mtu anayegusa pasi kuona kama imepata moto. Kisha akakiweka chini.

"Umetia nini?"

"Chumvi, Bibi."

 Jogoo wake alikuwa akiparua kizingitini.

"Pua na ulimi," akasema. "Vyote viwili. Tangu ile homa. Nikadhani vitarudi majani yakichipua." Majani yalikuwa yamechipua tayari. "Mwezi jana niliunguza maharage mpaka chungu kikapasuka. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, nikishona. Niliuona moshi, lakini harufu yake sikuisikia."

"Tumwambie Baba?"

"Usimwambie mtu. Baba yako akijua, jirani yetu Kweti atajua. Kweti akijua, ng'ombe wa bonde zima watajua, na Lidia atakuwa hapa Jumamosi na kamba ya kufungia mizigo." Akanitazama. "Mwanamke asiyesikia moshi hawezi kuachwa peke yake kwenye nyumba ya mbao. Hata mimi ningesema hivyo, angekuwa mama wa mwingine. Unanielewa, Tsisdu?"

Nilimwelewa. Sikumwambia mtu. Lilikuwa jambo rahisi kwangu, kutosema.

Kiangazi kikapita hivyo. Aliacha kupika kitu chochote kinachohitaji kuachwa jikoni. Alikula mkate wa mahindi uliopoa na vitunguu vibichi, akisema angalau vinaliza macho. Nilimwona mara nyingine amesimama bustanini, amefikicha jani la nyanya, ameweka vidole puani na kufumba macho, akingoja. Nilirudi nyuma polepole nisije nikamshtua.

Mwezi wa kumi ukafika. Mti wake ulikuwa mgumu mmoja mkubwa nyuma ya ghala, ambao mama yake aliokota chini yake, na mama wa mama yake. Mwaka ule haukuzaa. Mihikori iko hivyo, inazaa sana mwaka mmoja kisha inapumzika miwili. Miaka mingine hilo halikumsumbua, alipanda mlimani na pua yake akachagua mti mwingine. Safari hii alizunguka shina mara tatu akigeuza majani kwa fimbo. Akapata kokwa sita.

"Basi kwenye kona ya kijito," akasema.

Kwenye kona ya kijito kuna kundi la mihikori, kama kumi hivi. Kokwa zilikuwa zimetapakaa chini, nyingi hata kutembea unateleza. Alichuma jani kwenye tawi la chini. Akalifikicha. Akalipeleka puani. Nilisimama hatua tatu nyuma yake, nikaona mabega yake yakipanda kwa ile pumzi na kukaa pale juu. Kisha akanusa tena, mara ya pili.

"Huu," akasema.

Tuliokota. Niliokota nikiwa na kitu kinanikera, nisijue ni nini, mpaka gunia lilipofika nusu. Palikuwa kimya mno. Nyuma ya ghala, pamoja na zile kokwa sita, palikuwa na vichwa vitatu vya kindi vikitutukana kutoka juu. Hapa kokwa zilijaa na hapakuwa na kindi hata mmoja, wala ganda moja lililotafunwa. Nikainua uso. Bibi alikuwa amepiga magoti, akiokota haraka haraka, bila kutazama juu.

Nilifikiri: yeye ameokota hikori miaka sitini na mimi ni nani. Nikaendelea kuokota.

Lidia alikuja Ijumaa, kabla ya mkutano wa Jumapili. Alileta mkebe wa biskuti na koti jipya la mama yake. Alikuwa ameomba likizo ya wiki nzima, na hilo halikuwahi kutokea. Jumamosi asubuhi tulikaa watatu uani. Lidia alipasua kokwa juu ya jiwe lenye kishimo, mimi nilipepeta, Bibi alitwanga. Kinu chake kilikuwa gogo lililochongwa shimo, na mchi wake mrefu, mzito upande wa juu, ili uzito ufanye kazi badala ya mkono.

"Zinapasuka vizuri mwaka huu," Lidia akasema. "Nakumbuka nilikuwa nalia na vidole."

"Vidole vya Tulsa vimekuwa vigumu," Bibi akasema.

"Mama, hebu."

"Nasema tu. Sindano."

Lidia akacheka. Kisha, bila kuacha kupasua, akasema, "Shangazi Kweti ameniandikia."

Mchi ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Anasema umekonda. Anasema ulipita kwake mwezi wa nane, kuna fuko amekufa chini ya sakafu yake, wageni wote wamekimbilia nje, wewe umekaa unakunywa chai."

"Nyumba ya Kweti siku zote inanuka. Nimeshaizoea."

"Mama, sitaki ugomvi. Nimekuja kuangalia tu. Nikikuona uko sawa nitaondoka na sitalisema tena neno la chumba. Naapa. Nimechoka mimi mwenyewe kulisema."

"Basi angalia," Bibi akasema, akatwanga.

Nilikuwa nafinyanga donge la kwanza wakati huo. Mafuta yalinishika vidoleni, na kama kila mwaka nikaramba kidole. Kwanza palikuwa na utamu kidogo. Kisha ukaja uchungu, polepole, kutoka nyuma ya ulimi, mkavu, kama umetafuna gome.

Nikafunga mdomo. Lidia alikuwa mkono mmoja kutoka kwangu. Nikimwambia Bibi, namwambia Lidia. Nisipomwambia, kesho watu mia moja watakula. Nilimkazia macho Bibi, nikatikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa akitazama ndani ya kinu.

"Bibi," nikasema, "tuongeze sukari mwaka huu?"

"Sukari ya nini? Kanuchi yangu haijawahi kuomba msaada."

"Ni kwa ajili ya watoto."

"Watoto wale biskuti za Lidia."

Siku nzima nilingoja nimpate peke yake. Alipokwenda kisimani Lidia alikwenda naye, amemshika mkono. Alipokwenda kulisha kuku Lidia alisimama mlangoni akitazama anavyotembea. Jioni Baba aliniita ng'ambo ya kijito, nikaenda.

Asubuhi ya Jumapili nilifika kanisani mapema na mfuko wa sukari wa nyumbani, wote. Niliumimina kwenye sufuria Bibi alipokuwa amegeuka kusalimiana. Nikaonja. Sasa ilikuwa kanuchi chungu yenye sukari.

Waliimba nyimbo zetu za Kicherokee hadi saa sita, mahubiri yakawa marefu, kisha meza zikapangwa chini ya paa la nje. Nyama ya nguruwe ya kukaanga, maharage, mikate, zabibu za mwitu zilizopikwa na madonge ya unga. Bibi alisimama nyuma ya sufuria yake na koti jipya, mwiko mkononi, akimpakulia kila mtu kwa mkono wake.

Hapo lazima niseme habari za Shangazi Kweti. Yeye na Bibi walitaniana tangu wasichana. Kila mwaka Kweti alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na kila mwaka alionja kijiko cha kwanza pale pale, mbele ya wote, na kupaza sauti. Mwaka uliotangulia alisema, "Ahniwake, haya ni maganda au meno yako yamedondokea humu?" Bibi akajibu, "Meno nimebakiza mawili, yote nimekuwekea wewe." Watu walicheka hadi mchungaji akafuta macho. Bila kijiko cha Kweti mlo ulikuwa haujaanza.

Safari hii pia Kweti alikuwa wa kwanza. Akapokea bakuli, akainua kijiko, akakitia mdomoni. Nilikuwa namtazama. Uso wake haukubadilika hata kidogo, ila kijiko kilikaa mdomoni zaidi ya kawaida. Akameza. Akamtazama Bibi, na lile koti, na Lidia aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake.

"Asante, Ahniwake," akasema, na akaenda kukaa.

Mstari ukasogea. Mtu baada ya mtu alionja, akaona Kweti anakula, akala. Hakuna aliyeacha tone. Kwetu chakula cha mzee hakirudishwi. Niliwaona wanaume wakubwa wakinywa kanuchi kama dawa na kufuta bakuli kwa mkate. Mtoto mmoja akasema, "Mama, ni—" na mama yake akamziba mdomo kwa kipande cha nyama. Walizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya ng'ombe, juu ya daraja, kwa sauti za chini, kama kwenye matanga.

Bibi alipakua hadi sufuria ikaisha. Kisha akabaki amesimama na mwiko, akimtazama Kweti kwa mbali. Kweti alikuwa ameinamia bakuli. Bibi alimngoja. Nilimwona kabisa akingoja lile tusi lake. Watu wakaanza kukusanya vyombo, na tusi halikuja.

"Wamemaliza yote, Mama," Lidia akasema. Yeye hakuwa amekula, bakuli lake alimpa mgeni. "Umeona? Wamefuta."

"Nimeona," Bibi akasema.

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya sufuria tupu. Akamgeukia binti yake hapo hapo, mbele yangu tu na mbele ya meza.

"Lidia, sisikii harufu. Wala ladha. Tangu Februari. Moshi pia."

 Lidia akamshika mama yake mkono kwenye koti jipya, wakasimama hivyo. Nilikusanya vijiko.

Waliondoka Jumatano. Siku mbili hizo Bibi aligawa kuku, akamtuma Baba achukue kuni zote, maana ni mhikori mkavu na kuuachia mvua ni dhambi. Kinu alitaka kukigeuza mwenyewe. Kila mwisho wa msimu alikigeuza chini juu ili maji yasikae ndani. Tulimshikia, Baba na mimi, lakini mikono yake ilikuwa ya kwanza.

Tukiwa njiani kurudi na kuni, nilimweleza Baba yote: chumvi, kona ya kijito, kindi. Nadhani sikuwahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mara moja. Alisikiliza, akatua mzigo.

"Kwa nini asingetazama tumba tu?"

"Tumba gani?"

Akavuka kijito, akarudi na kijiti. Ncha yake ilikuwa na tumba jembamba, lililokaza, la njano kama haradali. "Huu ndio mchungu. Tumba la njano, na hivyo linakaa mpaka majira ya kuchipua. Mingine matumba yake ni ya kahawia. Tunakata miti wakati wa baridi, majani hakuna, sasa tunusishane nini? Kila mkata mipini anajua."

"Bibi hajui."

"Hajaniuliza," Baba akasema. Akajikuna shingo. "Mambo ya kanuchi ni ya wanawake. Mimi ningeanzia wapi kumwambia?"

Nilikimbia na kijiti. Gari lilikuwa tayari linanguruma, Bibi amekaa mbele, mkoba mapajani. Nikampa dirishani. Nikamwonyesha ile njano, nikamwambia alivyosema Baba.

Alikigeuza kijiti upande huu na huu. Kwa mazoea akakipeleka puani, akajikamata katikati ya njia, akakishusha.

"Miaka yote hiyo," akasema, "baba yako amekaa hapo ng'ambo, anajua."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mama yangu alinifundisha pua tu."

Lidia akasema taratibu, "Mama, hata ungejua miti, moshi je?"

"Najua, mwanangu. Nimeshaingia garini, sivyo?"

Nilikuwa na neno langu moja, na kama lisingetoka hapo lisingetoka tena. "Bibi, pale kwenye kona niliona hakuna kindi. Niliona, nikanyamaza."

Akakilaza kijiti juu ya mkoba.

"Mimi pia niliona," akasema. "Nilipopiga magoti tu. Nikasema moyoni, nikimuuliza Tsisdu nitakuwa nimeshajijibu. Basi nikaokota haraka."

Akatoa mkono dirishani, akaniwekea kichwani, mzito kama mchi. Gari likaondoka. Kile kijiti alikwenda nacho.

Baridi ile nilivuka kijito mara nyingi, ingawa hapakuwa na wa kumfuata. Nilipita nyumba, nikapita kinu kilichofunikwa theluji, nikaenda hadi kwenye kona. Mihikori yote ilikuwa uchi, na matumba ya njano yalionekana toka mbali. Nilihesabu michungu minane katika ile kumi. Chini yake, kokwa tulizoacha zilikuwa bado zipo, zimelowa, nzima, hakuna aliyezigusa.

Shangazi Kweti alinikuta huko siku moja, akitafuta ndama wake. Akauliza ninafanya nini. Nikamwonyesha tumba. Akalitazama, akakaa juu ya gogo, pumzi ikimtoka mvuke.

"Ningesema kitu siku ile," akasema. "Chochote. Hata ningesema ni chungu kama yeye mwenyewe. Angecheka, pengine, na angenitukana." Akakung'uta theluji kwenye buti zake. "Nilitaka kumstahi."

Akainuka kumfuata ndama. Nami nikabaki nikichuma matumba, ya njano upande mmoja wa mfuko, ya kahawia upande mwingine, mpaka vidole vikafa ganzi.